Nondo Inayoshika: Mwongozo wa Kufunga Vyuma na Kuweka Nanga katika Ujenzi Mkubwa wa Pwani

Nondo moja ya milimita 16, ambayo haizidi unene wa kidole, huweza kuvutwa kwa nguvu ya karibu tani 9 kabla ya kufika kikomo anachokiruhusu mhandisi. Swali linalofuatwa katika mwongozo huu ni dogo: tani hizo 9 zinashikwa na nini kwenye ncha ya nondo? Mabaharia wa Lamu wanalijua swali hilo kwa njia yao, kwa kuwa nanga nzito iliyolala juu ya mchanga bila kuuma haizuii jahazi, hata kamba yake ikiwa mpya. Kwa maoni yangu, katika kazi za magati, madaraja na kuta za ufuoni, nondo zinazokatika ni chache mno. Zilizo nyingi huponyoka pale zilipodhaniwa kuwa zimeshika, au huliwa na kutu kabla ya wakati.

Tangu mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za usafiri za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, uzinduliwe Machi 2012, na hasa tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lianze kazi tarehe 20 Mei 2021, habari za nondo, zege na nanga zimekuwa mazungumzo ya kawaida katika miji midogo ya Mokowe na Hindi, bara mkabala na kisiwa cha Lamu. Magati matatu ya kwanza ya bandari hiyo yana urefu wa mita 400 kila moja, na kina cha maji mbele yake ni mita 17.5. Mwongozo huu haumfundishi mtu kusanifu gati la ukubwa huo, kwani kazi hiyo ni ya wahandisi waliosajiliwa. Umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa kiwanja, fundi wa vyuma na mhandisi kijana anayepewa mchoro asubuhi na kutakiwa auhakiki kabla ya maji kujaa.

Kwanza, elewa kwa nini nondo ipo

Zege hustahimili kugandamizwa vizuri sana, lakini likivutwa nguvu yake huwa takriban moja ya kumi tu ya ile ya kugandamizwa. Wajenzi wa mji wa kale wa Lamu walilijua hilo la kuvutwa bila ya kuwa na zege letu. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na palipohitajika kitu cha kuvuka juu ya chumba walilaza boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Ncha za boriti zilizamishwa ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe ulizibana kwa uzito wake. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yamesimama kwa karne nyingi hewani mwa chumvi bila kupasuliwa na kutu, kwa kuwa kuta zake hazina chuma cha kupata kutu. Sisi tumeingiza chuma ndani ya jiwe, na kwa kufanya hivyo tumejitwika mambo mawili wasiyokuwa nayo wao: kuhakikisha kwamba chuma kimeshika, na kuhakikisha kwamba bahari haikifikii.

Kupokea nondo kiwanjani

Usipokee nondo kwa macho. Kata kipande cha mita 1 kamili na ukipime uzito. Kanuni rahisi ni kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa milimita, kisha kugawanya kwa 162, na jibu ni kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na kilo 0.89 kwa mita, ya 16 kilo 1.58, ya 20 kilo 2.47 na ya 25 kilo 3.86 hivi. Kwa urefu wa kawaida wa mita 12, nondo moja ya milimita 16 huwa na kilo 19, kwa hiyo tani moja haina budi kuwa na nondo 52 au 53. Ukihesabu 58 usifurahie, kwa maana umeuziwa nondo nyembamba. Tazama pia maandishi yaliyochapwa juu ya nondo yenyewe, jina la kiwanda na daraja la nguvu ya chuma, na uyalinganishe na cheti cha vipimo kilichokuja na mzigo.

Kwa visiwani kuna tatizo ambalo vitabu vya bara havilitaji. Nondo ya mita 12 haiingii kwa urahisi katika mashua inayovuka kutoka Mokowe, wala haipiti katika vichochoro vya mji juu ya mgongo wa punda, kwa hiyo wachukuzi huikunja katikati kama kibanio cha nywele, na ikifika hunyooshwa kwa nyundo. Chuma kilichokunjwa kwa pembe kali na kunyooshwa tena huweza kuwa kimepasuka pale kwenye kona, ufa ambao jicho halioni. Agizo langu huwa ni moja: nondo za kazi kubwa zikatwe na kukunjwa bara kufuatana na jedwali la nondo, kisha zivushwe zikiwa vipande vilivyofungwa kwa alama. Iwapo zimeshakunjwa, kata ile kona uitupe na utumie vipande viwili vilivyobaki.

Ziweke juu ya magogo, zisiguse ardhi, na uzifunike wakati wa kusi. Kutu nyepesi ya rangi ya hudhurungi, ambayo haichambuki ukiisugua, haina madhara. Kutu ya magamba haikubaliki. Chumvi ndiyo adui asiyeonekana, kwa hiyo nondo zilizokaa wiki kadhaa karibu na maji zioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kabla ya kufungwa, hata zikionekana safi.

Urefu wa kushika

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Chukua ile nondo ya milimita 16, ya daraja 500. Nguvu anayoitumia mhandisi katika hesabu zake ni nyutoni 435 kwa kila milimita ya mraba, na eneo la mkato wa nondo hiyo ni milimita za mraba 201, kwa hiyo mvuto wote ni karibu nyutoni 87,400, ndizo zile tani 9 za mwanzo. Mvuto huu hauna budi kuhamia katika zege kupitia ngozi ya nondo, yaani yale matuta unayoyaona juu yake. Mzingo wake ni milimita 50. Zege zuri, likiwa limeizunguka nondo sawasawa, huweza kuhesabiwa kushika kwa nyutoni 3 hivi kwa kila milimita ya mraba ya ngozi hiyo, maana yake kila milimita moja ya urefu hushika nyutoni 150. Gawanya 87,400 kwa 150 upate milimita 583, ambazo ni kama mara 36 ya kipenyo. Huo ndio urefu wa kushika katika hali nzuri.

Hali si nzuri kila mahali. Nondo zilizolala sehemu ya juu ya boriti nene au kitako cha gati, yaani bamba lake la zege la kukanyagia, hushika kwa udhaifu, kwa sababu zege bichi linapotulia maji na hewa hupanda na kujificha chini ya nondo, na hivyo upande wake wa chini hubaki ukigusa utupu. Kwa nondo hizo gawanya kwa 0.7, na zile milimita 583 huwa 833. Zaidi ya hayo, pale nondo mbili zinapopishana ili moja ikabidhi mvuto kwa nyingine, na mipishano yote ikawa mahali pamoja, urefu huzidishwa kwa 1.5. Nondo ya juu, iliyopishana na wenzake wote kwenye mstari mmoja, sasa inahitaji karibu milimita 1,250. Msimamizi aliyezoea kusema "mara arobaini" ataipa milimita 640, nusu tu ya inavyohitaji, na hakuna mtu atakayeona kosa hilo baada ya zege kumwagwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kufunga, pita na mchoro na uweke alama ya rangi kila mahali penye mpishano. Hakikisha mipishano ya nondo zilizo jirani haikutani, na ikiwezekana isizidi moja katika kila nne mahali pamoja. Iondoe kwenye sehemu zenye mvuto mkubwa, kwa mfano katikati ya boriti upande wa chini au juu ya nguzo upande wa juu. Pima kila mpishano kwa futi ya kupimia, wala usikubali kupimiwa kwa hatua au kwa shibiri. Kufunga waya mara mbili au mara kumi hakuongezi nguvu hata kidogo. Waya huzuia nondo zisihame wakati wa kumwaga zege, na kazi yake huishia hapo.

Pale nafasi isipotosha urefu wa kunyooka, nondo hukunjwa kwa pembe ya mraba au kama ndoana. Kigezo cha kukunjia kiwe na kipenyo kisichopungua mara 4 ya nondo kwa nondo za hadi milimita 16, na mara 7 kwa zilizozidi hapo. Nondo ikizungushwa kwenye msumari mwembamba huumia, na zege lililo ndani ya kona huchanwa na mvuto. Ringi za nguzo na boriti, yaani vyuma vinavyozizunguka nondo kuu, zifungwe kwa ncha zilizoingia ndani ya zege kwa nyuzi 135, kwa sababu ringi yenye ncha za nyuzi 90 hufunguka kama mkanda zege la nje linapobanduka.

Kava, chumvi na bamvua

Kava ni unene wa zege kutoka uso wa nje hadi nondo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ringi, wala si nondo kuu kama wengi wanavyopima. Ndani ya zege jipya chuma hulindwa na ukali wa saruji, ambao huunda utando mwembamba juu yake. Kloridi za maji ya bahari hupenya polepole, na zikifika kwa wingi wa kutosha huutoboa utando ule. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani, na nyufa zake huifungulia chumvi njia pana zaidi.

Si bahari yote inayodhuru kwa kiwango kimoja. Zege lililo chini ya maji daima huumia kidogo, maana hakuna hewa ya kutosha huko. Sehemu mbaya kabisa ni ile iliyo kati ya maji ya kupwa na juu kidogo ya mstari wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inayolowa na kukauka, na inayorushiwa maji na mawimbi ya kusi. Hapo kava ya milimita 75 ndiyo ninayoitaka, na milimita 50 ni kiasi ambacho sikubali kipungue hata upande uliojificha.

Kava huwekwa kwa biskuti, yaani vile vipande vya kutenganisha nondo na mbao za fomu. Ziwe za zege lenye ubora uleule wa kazi, zilizokomaa, na zipangwe kwa umbali usiozidi mita 1. Niliwahi kuitwa kutazama gati dogo upande wa bara ambalo madoa ya kutu yalikuwa yamejitokeza kwa mpangilio wa ajabu, kama vifungo vya kanzu. Tulipochimbua tukakuta mkandarasi alitumia vipande vya mikoko badala ya biskuti. Vilikuwa vimeoza, na kila kimoja kilikuwa kimeacha tundu la kuipitishia bahari moja kwa moja hadi kwenye ringi. Kosa jingine la aina hiyo ni ncha za waya wa kufungia zilizoachwa zikielekea nje. Zikunje zote ziangalie ndani.

Zege lenyewe liwe na maji machache, uwiano wa maji kwa saruji usiozidi 0.45, na kwa eneo la bamvua 0.40 kwa msaada wa dawa ya kulainisha. Saruji yenye majivu ya volkano au takataka za tanuri za chuma huchelewesha kloridi vizuri zaidi kuliko saruji tupu. Maji ya bahari hayachanganywi na zege lenye nondo kwa hali yoyote, na kokoto za matumbawe hazifai kwa kuwa zimebeba chumvi ndani ya vinyweleo vyake. Kuhusu mchanga wa vilima vya Shela, uuache ulipo: ni laini na wa punje zinazolingana, usiofaa kwa zege la nguvu, na vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu.

Panga kumwaga zege la eneo la chini wakati maji ya bamvua yanapokupwa, ili upate saa nyingi zaidi kabla ya bahari kulifikia. Tumia vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, bila kuigusisha nondo, na ulinyweshe zege maji baridi kwa siku zisizopungua 7.

Nanga ya kufukiwa nyuma ya ukuta

Ukuta wa gati hausukumwi na bahari. Husukumwa na udongo ulio nyuma yake, hasa maji yanapokupwa mbele na udongo ukabaki umelowa. Njia ya zamani na nzuri ya kuuzuia ni kuufunga kwa vyuma virefu vya mvuto vinavyokwenda nyuma hadi kwenye bamba la zege lililofukiwa ardhini.

Bamba hilo liwekwe mbali kiasi gani? Udongo ulio nyuma ya ukuta, ukuta ukitaka kuanguka, huteleza ukiwa na umbo la kabari. Kwa mchanga wa kawaida wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 30, uso wa kabari hiyo hupanda kwa nyuzi 60 kutoka mzizi wa ukuta. Ikiwa mzizi uko mita 6 chini, kabari itatokeza juu mita 3.5 hivi nyuma ya ukuta. Bamba nalo, likivutwa mbele, husukuma kabari yake yenye mteremko wa nyuzi 30. Kwa bamba ambalo chini yake ni mita 2, kabari hiyo huchukua mita 3.5 nyingine. Kabari hizi mbili hazitakiwi kuingiliana, kwa hiyo bamba likae angalau mita 7 kutoka ukutani. Bamba lililowekwa mita 4 linasimama juu ya udongo uleule unaoanguka, mfano wa mtu aliyejifunga kamba kwenye mashua anayotaka kuizuia.

Shindilia udongo mbele ya bamba kwa tabaka nyembamba kabla ya kukaza nati. Chuma cha mvuto kipitishwe ndani ya bomba, kwa sababu kifusi kikizama kitakiegemea na kukikunja penye maungio. Sehemu inayooza kwanza ni ile mita ya kwanza nyuma ya ukuta, basi hapo usione uchoyo wa utepe wa kuzuia kutu.

Nanga ya kutobolewa

Palipo na mwamba wa matumbawe, hutobolewa shimo la mshazari, huingizwa kamba za chuma zilizosokotwa kwa nyuzi 7, na mwisho wa ndani hujazwa uji wa saruji. Urefu wa nanga hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kushika, ambayo huwa kati ya mita 3 na 10, imeshikana na mwamba. Sehemu huru, isiyopungua mita 5, imevikwa mrija wenye grisi ili inyooke bila kugusa kitu. Mafundi wengi huisahau ya pili na kujaza uji hadi mdomoni, wakadhani wameongeza nguvu. Walichofanya ni kuhamishia mzigo kwenye udongo ulio karibu na ukuta, ambao ndio wenye kuanguka.

Mwamba wetu una mapango na mashimo, kwa hiyo jaza shimo maji kwanza na utazame kama yanapotea. Yakipotea, ziba kwa uji, subiri ukauke, kisha toboa upya. Uji uwe na uwiano wa maji kwa saruji wa 0.40 hadi 0.45, na upandishwe kutoka chini kwa mpira hadi utoke juu ukiwa safi.

Baada ya siku 7 au zaidi, uji ukishafikia nguvu iliyotajwa kwenye mchoro, nanga hupimwa kwa jeki. Hakuna nanga inayopokelewa bila kupimwa, hata moja. Nanga ya kudumu huvutwa kwa hatua hadi mara 1.5 ya mzigo wake wa kazi, hushikiliwa hapo dakika 15, na mnyooko husomwa dakika ya 1, ya 5 na ya 15. Kisha linganisha na hesabu. Kamba 4 zenye eneo la milimita za mraba 140 kila moja, zenye sehemu huru ya mita 10, zikivutwa kilonyutoni 400 zinapaswa kunyooka karibu milimita 37. Ukisoma 20, ujue sehemu huru imegandana na uji. Ukisoma 60 na namba ikawa bado inatembea, sehemu ya kushika inateleza. Ikipita, shusha na uifunge kwenye mara 1.1 ya mzigo wa kazi, kisha ujaze kofia yake grisi.

Bolti za bolardi

Bolardi, ile nguzo ya chuma ya kufungia kamba za meli, husimama ukingoni mwa gati, na ukingo ndio mahali pabaya zaidi kwa bolti. Bolti ikivutwa hung'oa zege kwa umbo la koni, ambayo nusu-upana wake juu ni kama mara 1.5 ya kina cha bolti. Bolti iliyozama milimita 300 inahitaji milimita 450 za zege kila upande, na bolardi iliyo milimita 250 kutoka ukingoni haina nafasi hiyo. Dawa yake ni nondo za umbo la U zinazoizunguka kila bolti na kuingia ndani kabisa ya kitako cha gati kwa urefu kamili wa kushika, kwa hesabu ileile ya hapo juu. Bolti zishikwe kwa kigezo cha bamba la chuma kilichotobolewa kutokana na bolardi yenyewe, wala si kutokana na mchoro, na nyuzi zake zipakwe grisi na kufungwa kitambaa kabla ya zege.

Bolti zinazotiwa baadaye kwa gundi zinafaa kwa ngazi na vizuizi vidogo. Shimo lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipulizwe tena, na zoezi hilo lirudiwe, kwa maana vumbi lililobaki hushikana na gundi badala ya zege. Katika joto la mchana wa kaskazi gundi huganda upesi, hivyo fanya kazi hiyo alfajiri. Usitie bolti za gundi katika ukuta wa matumbawe wa nyumba ya kale; toboa hadi upande wa pili na uweke bamba lenye nati.

Kwenye kichwa cha kila nanga na kila bolardi, gonga namba yake na tarehe iliyopimwa, na karatasi za vipimo zikabidhiwe mwenye gati pamoja na michoro. Baada ya hapo, kila mwaka maji ya bamvua yanapokupwa, mtu apite kwa mashua chini ya kitako akiwa na taa na nyundo ndogo, agonge zege lililo juu ya mstari wa maji, na aandike namba ya kila mahali panapolia kama mtungi mtupu.